Ngozi ya Mboni

Atakayebisha na abishe, lakini kiganja cha kulia cha Bi Siwatu wa Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, kilikuwa kimeota malaika. Vinywele laini, vya kushika mwanga, kama vile vya shingoni mwa msichana, vilikuwa vimejiotea chini ya kidole gumba, mahali ambapo tangu enzi za Adamu hapajawahi kuota kitu hata kwa mtu mvivu namna gani. Na katikati ya vinywele hivyo palikuwa na baka dogo lenye umbo la korosho. Baka hilo Bi Siwatu hakuzaliwa nalo. Alilizaa.

Lilikuwa baka la Mboni, binti yake, marehemu.

Kila msimu wa maembe ulipofika, Bi Siwatu alikaa uani na beseni, akamenya maembe ya nyumba nzima peke yake. Kisu hakumpa mtu. Arafa, mjukuu wake, amekua mpaka kafika kuposwa hajawahi kumenya embe; yeye siku zote alikuta limeshamenywa, limekatwa, limenyunyiziwa chumvi na pilipili. Bi Siwatu alikuwa akichagua yale mabichi, bolibo la kijani linalotoa utomvu kwenye kikonyo, na utomvu ule akauacha uteremke taratibu mpaka kwenye baka.

Kesho yake baka lilikuwa linawaka. Vipele vinajaa hapo tu, kwingine kote mkono salama. Bi Siwatu anajikuna na kutabasamu kama mtu anayetekenywa na mtoto wake. Kwa sababu Mboni alikuwa hivyo hivyo. Tangu mdogo, utomvu wa embe ukimgusa, kesho yake anavimba, na kesho kutwa yake yuko juu ya ukuta wa jirani anaiba mengine.

"Bibi, umeanza tena?" Arafa alisimama mlangoni, kanga kaifunga kifuani, mikono kiunoni.

"Nimeanza nini?"

"Kumchokoza mama."

"Mamako ndiye anayenichokoza mimi. Kaa kitako, mke mwenzangu. Embe lako utaletewa."

"Harusi hiyo imefika na wewe hujakwenda kunawa. Bi Chiku wa Barabara ya Tisa kashanawa zamani. Anatangaza mtaa mzima kwamba yeye ndiye atakayenisinga."

"Bi Chiku akusinge wewe?" Kisu kikasimama katikati ya embe. "Yule hasingi, anapaa samaki! Mabibi harusi wake wanatoka chumbani wamepungua uzito."

Arafa akacheka, lakini macho yake hayakuondoka kwenye kile kiganja.

*

Habari hii ina mzizi wake, na mzizi ni kopo la mafuta.

Rejea, maana ndilo jina la mafuta hayo, ilipoingia Tanga, Mboni akiwa bado mwari, baiskeli za mji huo zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kujiendesha zenyewe, ingawa watu waliozipanda walipiga kengele kwa mazoea na kuzitukana kwenye kona. Mafuta yenyewe yalikuwa meupe, hayana harufu, ukiyatazama unasema maziwa yaliyoganda. Lakini ndani yake mlikuwa na chembe ndogo kiasi kwamba upana wa unywele mmoja ungezipanga elfu, bega kwa bega. Kila chembe ni tone la mafuta, na ndani ya tone mna maelekezo. Chembe inaingia katika seli ya ngozi, inaisoma: wewe ulipokuwa mzima kabisa, ulikuwaje? Kisha inahamia kwa seli jirani iliyochoshwa na jua na moshi, inaiambia: kuwa kama mwenzio. Hivyo shavu lililosalimika linalifundisha paji la uso, na mtu anarejea ujana wake mwenyewe.

Waliotengeneza hawakuwa wajinga. Walijua ngozi ya binadamu imeezekwa kama nyumba ya makuti: juu kabisa ni seli zilizokufa, zimelaliana safu kwa safu, na mvua haipiti. Wakakadiria kwamba chembe chache tu zitalipenya paa hilo, zifanye kazi siku mbili tatu, ziyeyuke zenyewe. Wakapima kwa watu wanaooga kwa sabuni na kujifuta kwa taulo. Ikawa sawa. Hawakupima kwa bibi harusi wa Tanga.

Bibi harusi wa Tanga haogeshwi, anasingwa. Anawekwa ndani siku saba. Mchele unarowekwa na kusagwa, unatiwa liwa, karafuu, mawaridi makavu na maganda ya machungwa, unakandwa kwa mafuta ya nazi na marashi, ndiyo singo, halafu somo, mwanamke anayemfunda mwari, anakunja mikono ya gauni na kuanza. Anasugua mpaka nongo zinaviringika kama tambi na kudondoka mkekani. Paa lote la makuti linashuka. Jioni mwari anafukizwa udi, kajifunika mablanketi, jasho linamtoka mpaka kwenye kucha. Masomo wa Tanga nao, kwa kupenda makuu, wakaona mafuta ya nazi yamepitwa na wakati. Wakakandia singo kwa Rejea.

Mabibi harusi wakang'aa mpaka wapiga picha wakaomba wapakwe masizi kidogo. Mbuzi wa jirani aliyelamba kopo tupu alirudiwa na sauti ya utoto, akakataliwa na wanawe. Lakini huko chini, paa likiwa limeezuliwa na milango imefunguliwa na joto la udi, chembe zilikuwa zikiteremka kwa mafungu hadi zinapokaa seli mama, zile zinazozaa ngozi yote. Zikifika huko haziyeyuki. Na kiganja cha somo, kinachosugua mwili wa mtu kutwa nzima, kikawa kama kituo cha garimoshi. Kila aliyesingwa aliacha abiria.

Hakuna aliyejua mpaka ilipotokea ile harusi ya Chumbageni. Bwana harusi, usiku wa kwanza, alikiona kidoti begani mwa mkewe. Akakitambua. Kilikuwa kidoti cha mchumba wake wa zamani, aliyewahi kusingwa na somo huyohuyo. Kidoti kingeweza kusameheka. Kesi ilikuja pale mke alipotaka kujua mume kakitambuaje.

Baada ya hapo Baraza la Mji likatoa amri: somo yeyote asimsinge mwari kabla hajanawa mikono kwenye josho la kliniki ya ngozi. Masomo wakaenda mmoja mmoja, wakinung'unika. Bi Siwatu peke yake akawa na mafua kila Jumatatu ya miadi.

*

Daktari Shemdoe wa kliniki ya ngozi alikuwa binti wa Lushoto, mwembamba, mwenye sauti ya chini ya watu wa kwenye baridi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Msambaa. Mlimani kwenu mnavaa kofia za manyoya, unajua nini wewe habari za singo?"

"Najua kwamba bibi wa pwani akianza utani kabla hajakaa, ana jambo linamsumbua."

Bi Siwatu akakaa. Akakubali kushindwa kwa kuutoa mkono.

Daktari akaulaza juu ya kioo chenye mwanga wa zambarau, na ukuta mzima ukajaa kiganja. Kilikuwa kama kanga ya viraka. Kila kiraka kina rangi yake, na kila rangi ni mtu.

"Hiki chenye alama ya kuungua?"

"Huyo Zena wa Usagara. Pasi ilimwangukia akiwa darasa la tano." Uso wa Bi Siwatu ukaanza kulegea. "Siku ile mvua ilinyesha, tukafunga madirisha, moshi wa udi ukatutoa machozi sote. Na hicho cheusi kinachong'aa ni Semeni. Alikuwa hawezi kusingwa bila kucheka, tukamkalia watu wawili."

"Na hiki kikavu hapa?"

Bi Siwatu akakisogelea ukutani, akakunja uso. "Lo! Huyo Bi Chiku mwenyewe! Nilimsinga alipoolewa mara ya tatu. Kumbe nimebeba adui mkononi miaka yote hii. Ndiyo maana nikishika kitu kinaparuzika."

Daktari alicheka, kisha kidole chake kikafika kwenye baka la korosho. Bi Siwatu akaeleza mwenyewe.

Ada inakataza mama kumsinga bintiye, kwa kuwa somo ana mambo ya kumwambia mwari ambayo mama hawezi kuyatamka. Lakini somo wa Mboni aliamka siku ya kwanza hana sauti, koo limefunga, na mashine ya dawa imempiga marufuku kutoka nje. Siku zinakwenda, nyumba imejaa wageni. Bi Siwatu akamsinga mwanawe mwenyewe. Mama kageukia ukutani, binti kajifunika uso kwa kanga, wote wawili wanaona haya, na ilipofika kwenye yale maneno yasiyosemeka mama aliyasema kwa kuyaimba, tena upesi upesi, mpaka Mboni akapiga kelele kutoka ndani ya kanga: "Mama, nimeelewa, basi, nimeelewa!" Wakacheka mpaka singo ikakauka kwenye bakuli.

Homa ya mwaka wa mafuriko ilimchukua Mboni akiwa na Arafa mchanga kifuani. Neno la mwisho alilolisema akiwa na akili zake lilikuwa hili: "Mama, huyu akifika siku yake, umsinge wewe. Asiguswe na mkono wa kigeni."

"Sasa nataka kukuuliza," akasema Bi Siwatu. "Josho lenu, haliwezi kuniachia hili moja? Wengine wote wachukue. Bi Chiku anza naye."

"Haliwezi, bibi. Maji yale yanaiambia kila seli imrudie mwenye mkono. Hayajui jina la mtu." Daktari alizima ukuta. "Sitakuficha. Usiponawa hakuna atakayekulazimisha. Utakaa na mkono wako mpaka Mungu akuite, hautakudhuru, na mtu ukimgusa hivihivi hapati kitu. Ila usimsinge mwari."

Hivyo mambo yakawa mawili, na yote mawili ni Mboni. Abaki na ngozi yake, amwachie Bi Chiku mjukuu. Au atimize neno lake, ampoteze.

*

Arafa alikuwa na njia ya tatu.

"Usinawe," alisema jioni ile, wakichambua mawaridi ukumbini. "Nisinge hivyohivyo. Mlango tunafunga. Nani atajua?"

"Wewe una wazimu?"

"Mimi picha zake ninazo, bibi. Namwuliza, ananijibu. Juzi nimemwuliza kama Muhidini anamfaa kwa mkwe, akasema 'Inategemea, mwanangu.' Kila kitu inategemea! Ni mashine ile inakisia. Haina joto." Akaushika mkono wa bibi yake, akalisugua baka kwa kidole. "Hili lina joto. Nipe kipande tu. Begani, mahali ambapo hakuna atakayeona. Wewe hutaishi milele."

"Ahsante kwa kunikumbusha."

"Ukifa nalo tunamzika mara ya pili."

Neno hilo lilimkaa Bi Siwatu kifuani kama kokwa. Maana yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuliwaza, usiku na mchana, na kila alipoliwaza aliliona jema. Ngozi ya Mboni juu ya ngozi changa, miaka sitini mingine. Nani angelia? Akaokota waridi, akalinusa, akaliweka, akaliokota tena lilelile.

"Begani, umesema?"

"Begani."

"Na Muhidini akiwa mumeo, begani hatapagusa?"

Arafa akaona haya. "Bibi!"

"Nakuuliza kama mke mwenza. Hatakulalia hapo begani, akakunong'oneza upuuzi wao ule? Sasa pale atakuwa kamlalia nani? Muhidini huyu, ambaye akinisikia nakohoa anavua kofia na kuzunguka kwa mlango wa nyuma kwa kumheshimu mkwe, usiku atakuwa anamkumbatia mkwe wake mzazi! Nenda kamwulize kadhi ndoa hiyo inaitwaje. Atavua kilemba ajipepee."

Arafa aliangua kicheko, akaangukia kwenye mawaridi, na bibi yake naye akacheka mpaka machozi. Lakini kicheko cha Arafa ndicho kilichokoma kwanza. Alikaa, petali zimemganda nyweleni.

"Na mama mwenyewe," alisema polepole, "angeona haya."

"Mamako alikuwa anaona haya hata kwangu mimi niliyemzaa. Alijifunika kanga." Bi Siwatu akamtoa petali moja moja. "Wala hao wengine hawakuniambia niwatembeze miilini mwa watu. Zena, Semeni. Waliniamini wakavua nguo. Mtu akikuvulia nguo, mwanangu, unamfunika. Humpeleki harusini kwa mwingine."

Arafa aliinama, akalilaza shavu lake juu ya kiganja kile, pale penye malaika, akakaa hivyo muda mrefu. Nje mitumbwi ya angani ya kugawa mkate ilipita ikivuma kama nyuki, na jirani mmoja alikuwa akiitukana baiskeli yake.

"Anatoa jasho," alisema Arafa, macho kafumba.

"Joto halikumwachia kamwe. Angekuwa anajipepea saa hizi."

*

Josho lenyewe halikuwa kitu. Beseni la maji ya uvuguvugu, rangi ya chai ya rangi. Bi Siwatu alitaraji maumivu, na yasipokuja akaona kama amedhulumiwa. Aliutumbukiza mkono, akaitazama dari, akawa anawataja mmoja mmoja kimoyomoyo kama mtu anayewasindikiza wageni mlangoni: kwaheri Zena, kwaheri Semeni, Bi Chiku nenda na usigeuke nyuma. Kwa Mboni hakusema kwaheri. Alianza kuuimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa maneno yasiyosemeka, upesi upesi, na Daktari Shemdoe akageukia dirishani, masikio yamemwiva.

Alipoutoa, mkono ulikuwa laini na mtupu, kama wa mtoto mchanga. Mistari yake tu.

"Singo ruhusa," daktari alimwambia akiufunga kitambaa. "Mchele na mawaridi havitakudhuru. Ila limau, pilipili na utomvu, marufuku mpaka ngozi ikomae."

"Nikaushike utomvu kwa ajili ya nani tena?" alisema Bi Siwatu.

Akamsinga Arafa. Akamsinga kwa mafuta ya nazi, kama alivyofundishwa na waliomfundisha, na nyumba ikarudi kunukia ile harufu ya zamani iliyowaleta vikongwe wa mtaa wote mlangoni wakisingizia kuja kuomba chumvi. Kwa mara ya kwanza tangu miaka hiyo, alipomgusa mtu, alimgusa kwa mkono wake tu. Ilikuwa kama kuingia katika nyumba iliyohamwa. Alisugua, akatania, akaimba yanayotakiwa kuimbwa, na kila alipopata nafasi ya kupumzika alikitazama kile kiganja chini ya gumba, akakifunga.

Siku ya sita, wanawake waliletewa kapu la bolibo bichi kwa ajili ya achari ya harusi. Bi Siwatu, kwa mazoea, akanyoosha mkono kutaka kisu. Akakumbuka. Akaurudisha.

"Leta nimenye mimi," akasema Arafa. "Kukaa humu ndani kumeshanichosha."

"Mwari hamenyi embe."

"Mwari akichoka atatoroka kwa dirisha, halafu utamsinga Muhidini."

Akapewa kisu. Alimenya vibaya, kwa kuwa hajui. Alilikumbatia embe kama anamwogesha paka, utomvu ukamteremka mpaka kwenye kiwiko, naye akaendelea kupiga soga na wanawake. Bi Siwatu alikuwa kashapitiwa na usingizi kwenye kochi.

Asubuhi ilikuwa ni kelele.

"Bibi! Bibi, njoo! Nimeharibika!"

Arafa alikuwa amekaa kitandani, kaunyoosha mkono wake mbele kama si wake. Kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko vipele vilikuwa vimejaa, vimepanda juu ya uvimbe, na anajikuna huku analia. "Harusi kesho! Ni Rejea hii? Mkono wako haukunawika vizuri?"

Bi Siwatu aliuchukua mkono ule, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alivijua vipele vile. Alivijua vinavyoanza, vinavyojipanga pale utomvu ulipopita, vinavyopoa ukivipaka tui. Akapiga magoti pale pale penye mkeka, na Arafa akashindwa kujua kama bibi yake anacheka au analia.

"Rejea haikufika hapa, nimekusinga kwa nazi tupu," alisema alipopata pumzi. "Mjinga mimi! Nimekumenyea maembe maisha yako yote. Nimekaa uani namtafuta kwenye kiganja, na yeye yuko mlangoni ananiuliza embe lake liko wapi."

Arafa akautazama mkono wake. Akaacha kujikuna. Kisha, taratibu, akaanza tena, akitabasamu.

Mchoraji hina alipofika mchana na kuuona, alishika kichwa. "Bi Siwatu, huu mkono mimi nichore wapi? Katikati yote imevimba!"

"Zungushia maua pembeni. Katikati usipaguse." Bi Siwatu alikuwa anachanganya tui kwenye kikombe, hajageuka. "Hapo amekaa mkwe wa Muhidini."

"Mkwe?" Arafa akamrukia. "Si ulisema ni haramu?"

"Yule wa kupakwa ndiye haramu," akasema bibi yake. "Huyu umezaliwa naye."